Sauti Iliyosifiwa Si Yangu

Mliokuwa nami tangu mwanzo wa simulizi hii mnajua nilikotoka. Kwa aliyeingia leo nitasema kwa kifupi, maana nimechoka kurudia.

Mimi ni Modesta. Nina miaka sitini na mitatu. Arobaini kati ya hiyo nimesimama mbele ya maiki ya Radi Band ya Lushoto, bendi iliyopiga roki wakati wenzetu wote wanapiga dansi la tai na viatu vya kung'aa. Magitaa yetu yalinguruma. Jukwaani tulivaa makoti mazito ya mitumba kwa sababu ya baridi, watu wa mjini wakadhani ni mtindo.

Mwaka juzi nilitolewa uvimbe kooni. Uvimbe ulikwenda, nikapona, nikamshukuru Mungu. Ila sauti nayo ilifungasha ikaondoka. Iliyobaki ni mkwaruzo, kama mlango wenye bawaba kavu.

Na huo ndio wakati kiongozi wetu, Tobia, alioamua kwamba baada ya miaka ishirini na miwili ya kupiga jukwaani tu turekodi albamu mpya. Akaipa jina *Koti la Baridi*.

Hamisi wa dramu na Valentino wa besi walirekodi sehemu zao studio kule Tanga, wakapanda zao milimani. Mimi nikabaki na Tobia kuweka sauti. Siku tano nilisimama pale, siku tano nikashindwa.

Siku ya sita mdogo wangu Yusta, aliyekuja kunichemshia tangawizi tu, alishika maiki ili anionyeshe jinsi ya kupita mahali pagumu. Fundi mitambo alikuwa ameacha mashine inarekodi. Tobia akasikiliza, kisha akasema, "Na zilizobaki je?"

Basi Yusta akaimba albamu nzima. Nyimbo tisa. Mimi niliomba niachiwe ubeti mmoja tu, ubeti wa mwisho wa wimbo wa mwisho, "Kofia ya Baba". Tobia alikubali shingo upande.

Jalada lilipochapishwa, penye jina la mwimbaji paliandikwa Modesta.

Siri hiyo tuliijua wanne: mimi, Yusta, Tobia na fundi mitambo. Hamisi na Valentino hawakuambiwa. Na mume wa Yusta, Bwana Aron, mzee wa kanisa kule Mgwashi, aliambiwa mkewe amekwenda Tanga kumuuguza dada yake.

Mwezi wa pili albamu ikatoka. Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

*

Jumatatu asubuhi Hamisi alikuja kwangu na gazeti kwapani. Siku zote mtu huyu huanza kelele akiwa bado barabarani. Siku hiyo hata "onga makeo", salamu yetu Wasambaa ya asubuhi, hakusema. Alivuta kiti cha jikoni, akakaa, akaliweka gazeti mezani.

"Nisomee," akasema.

"Miwani yako iko wapi?"

"Ninayo. Nimeshasoma mara tatu. Nataka nisikie kwa mdomo wa mtu mwingine. Labda macho yangu yamekosea."

Nikalifungua. Ilikuwa safu ya mchambuzi mmoja wa Dar es Salaam, Kristian Mhando. Nikaanza kusoma kwa sauti.

"'Radi Band wamerudi, na ingekuwa heri wangebaki walikokuwa. Gitaa la Tobia linazunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kamba. Dramu za Hamisi zinachechemea. Kwenye wimbo wa tatu nilidhani spika yangu imeharibika...'"

Nikakatiza kusoma.

"Endelea," Hamisi akasema.

"Hamisi, achana na haya. Huyu ni mtoto wa juzi."

"Endelea, Modesta. Mahali pako bado."

Nikaendelea. Nawaambia, sijawahi kusoma kitu kizito namna ile, hata barua ya kifo cha marehemu mume wangu.

"'Kinachoiokoa albamu hii ni kitu kimoja: sauti ya Modesta. Amepita miaka sitini, lakini anaimba kama binti wa kwaya. Safi, laini, haina hata kovu. Ushauri wangu ni mmoja. Mama huyu atafutiwe bendi ya vijana. Wazee wenzake wampishe, wakapumzike.'"

Nikalikunja gazeti.

"Umebakiza mstari," Hamisi akasema.

"Umekwisha."

"Haujaisha. Ule wa bibi."

Nikalikunjua tena. Mikono ilikuwa baridi, na si kwa hali ya hewa.

"'Mwisho, sijui nani alimruhusu bibi kizee mmoja, hata jina hakutajwa, aingie kwenye wimbo wa tisa akoromee ubeti mzima. Tunaheshimu wazee, lakini studio si kijiwe cha kahawa.'"

Hapo Hamisi akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

"Hapo tu ndipo nilipokubaliana naye," akasema. "Hata mimi nilimsikia nikashtuka. Kwani bibi yule Tobia alimtoa wapi?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Jikoni tulikuwa wawili tu. Chai ilikuwa inachemka. Ningesema, "Hamisi, bibi yule ni mimi, na huyo anayesifiwa si mimi. Gazeti limekudhalilisha kwa kukulinganisha na uongo." Maneno machache tu.

Nikasema, "Sijui. Labda ni ndugu yake Tobia."

Hamisi akaitikia kwa kichwa. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa vijiti vyake vya dramu, akaviweka juu ya gazeti.

"Uniwekee."

"Nikuwekee mpaka lini?"

"Nimesema uniwekee." Akainuka, akashika mgongo. "Mimi nina kabeji zangu, Modesta. Kabeji haziandikwi magazetini. Nilikuwa najua vidole vimekuwa vizito. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayesikia."

Akafika mlangoni, akageuka.

"Ila wewe nakupongeza. Kweli. Sijui ulimwomba Mungu gani. Umeimba vizuri kuliko ulivyoimba ujanani."

Chai ikafurika ikazima jiko. Niliiacha.

*

Jumatano Tobia aliniita kwenye ghala lake la viazi kule Magamba, tunakofanyia mazoezi. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, redio mapajani, kofia ya sufu imefunika masikio.

"Kuna mtangazaji wa Tanga anaichambua albamu," akasema. "Mwanaheri. Wanasema anajua muziki. Huyu atamjibu yule wa gazetini."

Tukasikiliza. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kupendwa.

Alianza na Hamisi. "Wanaosema dramu hizi zinachechemea hawajui kusikiliza," akasema. "Zinapumua. Mzee huyu anachelewa kidogo kwa makusudi, anakuacha unamsubiri, halafu anakuja. Vijana wa siku hizi hawana subira hiyo." Akalisifu gitaa la Tobia. Akalisifu besi la Valentino.

Tobia akanipiga bega. "Umesikia? Umesikia?"

"Lakini sauti," Mwanaheri akasema.

Tobia akaondoa mkono begani kwangu.

"Mashabiki wanisamehe. Nikiwa na miaka minane, marehemu baba yangu alikuwa na kanda ya Radi Band. Sauti ya Modesta naijua kama ninavyoijua ya mama yangu. Sauti niliyoisikia humu ni nzuri, haina doa, na ndiyo kasoro yake. Ni ya mtu ambaye hajawahi kusimama jukwaani akagombana na magitaa. Sijui imepitishwa kwenye mashine gani. Ninachojua ni kwamba sikumwona Modesta humo."

Nilihisi joto usoni, kama mtu aliyevuliwa khanga barabarani.

"Sasa twende wimbo wa tisa," akaendelea. "Mwishoni kuna bibi. Hana jina kwenye jalada. Anaimba sekunde arobaini, sauti imekatika vipande vipande. Nilikuwa naendesha. Nikaegesha gari pembeni, nikalia. Gazeti moja limesema anakoroma. Mimi nasema bibi huyu ndiye albamu yote. Jumamosi napanda Lushoto. Nawaomba Radi Band wanikutanishe naye."

Akaupiga ule ubeti. Nikajisikia ndani ya ghala la viazi, mimi mwenyewe, nikihangaika kulifikia neno "baba" nisilifikie.

Tobia akazima redio.

Nje watu walikuwa wanapakia karoti kwenye gari, wanabishana.

"Tumwambie ukweli," nikasema.

"Ukweli upi?"

"Tobia, usinitanie. Nimechoka."

"Nani hajachoka?" Akavua kofia, akajipangusa paji la uso. Nikaona jinsi rafiki yangu alivyozeeka. "Tumealikwa kupiga Tanga wakati wa Pasaka. Nimeshakubali. Jina lililotuita ni lako. Ukisema leo kwamba hukuimba, hawatasema Modesta kadanganya. Watasema Radi Band ni matapeli. Na Hamisi, na Valentino, ambao hawajui chochote, wataingia humo humo."

"Hamisi ameniachia vijiti."

"Atarudi."

"Arudi kwa lipi? Ameambiwa ampishe mwimbaji ambaye hayupo. Mimi na wewe tunajua hayupo. Yeye anajua yupo, na anadhani huyo amemzidi."

Tobia alikuwa anageuza geuza kofia mikononi.

"Niachie Jumamosi," akasema mwishowe. "Huyo bibi nitamtafutia maneno."

Ningeuliza ni maneno gani. Sikuuliza. Mtu akichoka huacha mambo yapite hata yale ya kuyazuia.

*

Alhamisi mchana Yusta akashuka kutoka Mgwashi. Hakuwa ameniarifu kwamba anakuja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kwema huko? Aron mzima?"

"Mzima." Hakukaa. Aliona gazeti mezani na vijiti juu yake. Akavisogeza taratibu, akalichukua. "Nimekuja na nakala yangu. Mwalimu mmoja wa kwaya ndiye aliyenionyesha. Akaniambia, 'Soma wanavyomsifia dada yako.'"

Nikacheka kidogo, nikidhani tunacheka wote. Nikamwona hacheki.

"Nimeusoma mstari ule njia nzima," akasema. "Binti wa kwaya. Safi, laini. Dada, nina miaka hamsini na minane. Nimeimba kila Jumapili tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Hakuna aliyewahi kuniandika. Leo nimeandikwa, na juu yake pana jina lako."

"Yusta, wewe ndiye uliyesema lisijulikane. Mbele ya Tobia uliapa na kutuapisha. Ulisema Aron akijua—"

"Najua nilichosema."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka jina langu."

Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji nyumba ya ugeni.

Wasomaji wangu, hapa lazima nikiri jambo nililowaficha wiki zote hizi.

Mwaka 1984 Tobia alipokuja nyumbani kwetu Bumbuli kutafuta mwimbaji, hakunijia mimi. Alikuwa amemsikia Yusta kwenye kwaya. Marehemu baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Huyo posa yake imeshapokelewa. Wakwe zake ni watu wa kanisa, wametaka ahadi kwamba hatapanda jukwaa la dansi. Mchukue huyu mkubwa, naye anaimba imba."

Naye anaimba imba. Ndivyo nilivyoingia Radi Band.

Yusta alisimama mlangoni siku ile akinitazama ninavyofunga begi. Hatukuwahi kulizungumza. Miaka arobaini.

Alhamisi ile akalizungumza.

"Mara ya kwanza ulichukua nafasi," akasema. "Sikulalamika. Baba ndiye aliyesema. Hii ya pili umechukua na sauti."

"Uliimba kwa hiari yako!"

"Niliimba kwa sababu ulikuwa unalia sakafuni, dada."

Ni kweli nilikuwa nalia sakafuni.

"Jumamosi kuna mtangazaji anakuja kwa Tobia," nikamwambia. "Anataka kutuona wote. Njoo. Nitalisema jina lako mbele ya kinasa sauti, kama ndivyo unavyotaka."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Na Aron?"

Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani.

"Aron nitamwambia kesho. Nitaanza mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu."

Akaondoka bila kunywa hata maji. Nikabaki nimekaa, na nitawaambia ukweli, nilihisi nafuu. Nilijua nitaaibika. Lakini nilijua pia kwamba Jumamosi itapita, na Hamisi atavichukua vijiti vyake, na mimi nitalala.

*

Jumamosi saa nne tulikuwa wote ghalani. Tobia alikuwa amepanga viti, na kusogeza magunia ukutani. Valentino alikuja na koti lake la harusi. Hamisi alikuja pia, lakini alikaa mbali, karibu na dirisha, mikono mitupu. Alisema amekuja kwa kuwa mtangazaji ameomba, si kwa sababu nyingine.

Vijiti vilikuwa kwenye mkoba wangu.

Mwanaheri aliingia akiwa ametapika njiani. Zile kona za barabara ya Soni zilikuwa zimemchapa. Aliinama kwa kila mmoja.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanetu. Pole na safari."

Aliponifikia mimi alishika mkono wangu kwa mikono yote miwili, akanitazama kwa muda mrefu kuliko adabu. Nikageuza uso.

Tulikuwa hatujaanza, mlango ukafunguliwa, akaingia Yusta. Nyuma yake, amevaa suti yake ya ibada, akaingia Aron.

Nikajisemea, amemwambia. Amemwambia, na mume amekuja naye wasimame pamoja. Mungu ni mwema.

Aron akanijia moja kwa moja, mikono mbele, anatabasamu.

"Shemeji! Hujambo? Nimemwambia mke wangu, leo huendi peke yako, lazima nami nikampongeze shemeji."

Nikamtazama Yusta. Alikuwa anatazama sakafu.

"Mimi unanijua," Aron akaendelea. "Miziki hii si yangu. Lakini jana redioni wameupiga ule wimbo, 'Nisubiri Soni'. Nilikuwa napalilia. Nikaacha jembe. Nikamwita Yusta, nikamwambia, 'Njoo usikie dada yako. Sauti hii inanikumbusha wewe ulivyokuwa, enzi za kwaya ya Bumbuli.'" Akacheka, akapangusa jicho. "Naye anakataa hata kunitazama. Ana wivu!"

Yusta hakuwa amemwambia.

Nadhani alikuwa amefungua kinywa amwambie, na mume akamtangulia na ile sifa. Miaka arobaini Aron anaisikia sauti ile jikoni, kitandani, kanisani. Akaisikia redioni, akalia, asiijue.

"Tukae," Tobia akasema haraka. "Mgeni anasubiri."

Mwanaheri akaweka kinasa sauti juu ya kreti la soda lililofunikwa kitambaa. Kitaa chekundu kikawaka. Akawauliza Tobia na Valentino habari za zamani. Akamgeukia Hamisi, akamwambia mbele ya wote kwamba dramu zake zimemfundisha kungoja. Hamisi akasema asante. Kisha akasema, "Lakini nimeacha, binti yangu." Mwanaheri akashtuka, akanitazama mimi, kana kwamba najua sababu.

Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Yule bibi wa wimbo wa tisa. Yuko wapi?"

Tobia akakohoa. Akavua kofia yake ya sufu, akaiweka kifuani.

"Tumechelewa, mwanangu," akasema. "Bibi yule alikuwa mtu wetu wa huku milimani. Alirekodi kwa shida, alikuwa mgonjwa. Hatunaye tena. Tulimzika kabla albamu haijatoka."

"Innalillahi," Hamisi akanong'ona.

Aron akainamisha kichwa. Valentino, masikini, hakujua lolote, naye akavua kofia. Watu wote wakawa wananiombea mimi nikiwa nimekaa katikati yao.

Machozi yakamtoka Mwanaheri. "Hata jina lake?" akauliza. "Alikuwa anaitwa nani?"

Tobia akafungua mdomo. Nikaona anatafuta jina la kunizikia.

Sijui niwaelezee vipi kilichonipata. Haikuwa hasira. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa hata kukasirika. Nilikuwa mtu aliyebeba mzigo mlima mzima, kisha akafika mahali miguu ikakataa yenyewe.

Nikaimba.

Nilianza nikiwa nimekaa. Ubeti ule ule wa "Kofia ya Baba". Sauti ikakwaruza, ikakatika, ikapotea katikati ya mstari, nikangoja irudi, ikarudi nusu. Neno "baba" sikulifikia. Nikaliacha hivyo hivyo, nikaendelea mpaka mwisho.

Nilipomaliza, Mwanaheri alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Ni wewe," akasema. "Mama, ni wewe."

"Ni mimi. Sijafa. Tobia ananihurumia tu."

Tobia akanyoosha mkono kwenye kinasa sauti akizime. Mwanaheri akauweka wake juu, si kwa nguvu, na Tobia akarudisha wake.

Kule dirishani Hamisi akainuka.

Hakuwa mtu wa kuelewa mambo haraka, lakini nilimwona akielewa, kidogo kidogo, kama anavyopiga. Akatembea mpaka mbele yangu.

"Bibi yule ni wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Yule niliyemcheka jikoni kwako. Ukanyamaza."

"Ndiyo, Hamisi. Nisamehe."

"Basi yule mwingine ni nani?" Akaniinamia. "Huyo safi. Huyo niliyeambiwa nimpishe. Nyimbo nane na kitu, nani aliyeimba?"

Nikamgeukia Yusta. Nilikuwa tayari. Alhamisi aliniomba jina lake, nikamwahidi nitalisema.

Yusta akatikisa kichwa.

Kidogo sana, asionekane na mtu mwingine. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mkono wake umekishika kiti alichokalia mumewe. Usiseme. Dada, usiseme.

Aron alikuwa bado anatazama huku na huku, uso umechangamka, mtu aliyekuja kupongeza na sasa anataka kujua ni nani wa kupongezwa.

"Modesta," Hamisi akasema, "miaka arobaini nimekaa nyuma ya mgongo wako nakupigia. Sijawahi kukuuliza kitu. Leo nakuuliza."

Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka.

Nikitaja jina, namvunja mdogo wangu mbele ya mume ambaye ndugu zake waliahidiwa hataimba muziki huu. Nisipotaja, namvunja Hamisi mara ya pili, na safari hii namtazama usoni.

"Aliyeimba," nikasema, nikasikia sauti yangu ikikatika, "yumo humu ndani."

Aron akageuka kwa mkewe ili washangae pamoja. Ndipo alipouona uso wa Yusta.